Laptopu Iliyodhani Iko Nyumbani

Mwalimu wa darasa la wasioona alikuwa na laptopu moja iliyofanya kazi mahali pawili. Nyumbani ilitumia printa ya wino. Shuleni ilitumia printa kubwa ya nukta nundu, ile inayogonga vinundu kwenye karatasi kwa kishindo mpaka madirisha yanatetemeka. Hakuwa na haja ya kubadilisha chochote kwa mkono; programu iliyokuwa ndani ilitambua mahali alipo na kupanga mambo yenyewe.

Asubuhi ya mtihani, printa kubwa ilinyamaza kimya.

Alituma karatasi mara ya kwanza, ya pili. Kimya. Kwenye kioo aliona neno moja tu: *Nyumbani*. Akachagua *Shule*. Kufumba na kufumbua, likarudi *Nyumbani*.

Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Wanafunzi wameshakaa. Tuwasomee maswali kwa sauti, yaishe."

"Wenzao wanaoona wanajisomea," mwalimu akamjibu. "Na wangu watajisomea. Naomba muda kidogo."

Akapiga simu kwa kampuni ya ile programu. Ikaitika sauti ya kike, tulivu, iliyonyooka.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

Mwalimu alishtuka. Sauti ile ilikuwa imemkaribisha chai asubuhi hiyohiyo.

"Wee! Si wewe, mkwe wangu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Lakini hapa simu zinasikilizwa, kwa hiyo leo wewe ni mteja. Niambie tatizo, taratibu."

Tangu mwanawe amuoe binti huyu, kila mwalimu alipoulizwa mkwewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anapokea simu huko mjini," kisha akabadilisha mazungumzo. Sasa akaeleza kila kitu, pumzi zikimpanda.

"Umeizima na kuiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha, nimeisihi."

Binti akacheka kidogo, kisha sauti ikarudi kazini. "Ukichagua *Shule* inarudi yenyewe. Basi programu haijafa, inafanya kazi yake vizuri mno. Inaamini kweli uko nyumbani. Tujue nani kaidanganya. Kuna kitu kilichobadilishwa hapo shuleni?"

"Hakuna. Ah, ngoja. Jana fundi alileta kisanduku kipya cha intaneti."

"Nisomee jina la mtandao wake, herufi kwa herufi."

Mwalimu akalisoma. Upande wa pili kalamu ikagonga meza.

"Mama, hilo ndilo jina la mtandao wetu wa nyumbani! Visanduku vyote viwili vimetoka kiwandani na jina lilelile, na hakuna aliyelibadilisha. Laptopu imesikia jina, ikadhani imefika kwake."

"Pacha!"

"Pacha hasa. Ila kila kisanduku kina namba yake, na hiyo haifanani na ya mwingine. Fungua mipangilio, tafuta palipoandikwa *Tambua mahali kwa*. Ondoa alama kwenye jina, weka kwenye namba ya kifaa, kisha chagua *Shule* tena. Usiharakishe, nipo."

Sauti ile ilimwongoza mwalimu hatua kwa hatua, haikumkaripia hata alipobonyeza mahali pasipo sahihi. Neno likabadilika: *Shule*. Safari hii likakaa. Akatuma karatasi tena.

Printa ikanguruma. Dirisha likatetemeka, na karatasi ya kwanza ikatoka ikiwa na vinundu vyake.

Mwalimu akaipapasa, akasoma swali la kwanza kwa kidole chake. "Imetoka," akasema. "Mwanangu, imetoka."

"Hongera, mama. Kuna lingine nikusaidie?"

"Lipo. Hapo kwenu mtu anakusifia wapi?"

"Tukimaliza usikate, utaombwa unipe alama. Tano ndiyo ya juu."

Mwalimu akabonyeza tano. Kwa kuwa hakuridhika, akapiga tena, akamtaka msimamizi, akamweleza kisa chote toka mwanzo, na msimamizi wa watu hakupata pa kupenyeza neno.

Darasani vidole vilikuwa vimeshaanza kutembea juu ya karatasi. Mwalimu mkuu alisimama pembeni, akanong'ona, "Fundi gani huyo uliyempata upesi hivyo?"

Mwalimu akanyoosha kitambaa chake begani, akainua kidevu.

"Fundi? Huyo ni mke wa mwanangu," akasema, kwa sauti iliyozidi kidogo ile inayoruhusiwa kwenye chumba cha mtihani. "Kaa nikueleze."