Kimya na Vipande vya Ukuta

Darasa zima la masoko lilimwita Kimya, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilimganda tangu mwaka wa pili, siku aliposimama mbele ya wenzake kueleza mpango wa kuuza viatu vya mvua, akafungua mdomo, na maneno yakagoma kutoka. Dakika tatu nzima. Mhadhiri alimwambia taratibu aketi, akamwandikia sifuri kwenye sehemu ya kuzungumza.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu, na sehemu ile ilikuwa inamsubiri tena. Baada ya wiki sita za mafunzo kazini, kila mwanafunzi alitakiwa kueleza alichojifunza mbele ya mkuu wake wa kazi, mhadhiri akiwa ameketi pembeni na kalamu yake. Atakayeshindwa mara ya pili anarudia mwaka.

"Wewe na biashara wapi na wapi, shoga?" mwenzake wa chumbani alimtania huku akikunja nguo. "Ungesomea ukutubi. Kule hata ukikohoa unafukuzwa."

"Na wewe ungesomea kutangaza mpira," Kimya akajibu. "Angalau ungelipwa kwa kelele zako."

Alipangiwa kiwanda cha rangi za nyumba. Mkuu wa masoko, mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo, alimpa kadi yenye rangi mpya ishirini na nne, kila moja na jina lake: Utulivu wa Asubuhi, Pumzi ya Mto, Tabasamu la Bibi Harusi. Majina hayo aliyabuni mwenyewe, na alivyoyasoma ungedhani anaita wanawe waje kula.

"Nenda ukaketi kwenye duka letu," alisema. "Mteja akitaja jina, weka alama. Nataka kujua lipi linapendwa."

Duka lilinuka tapentaini. Nyuma ya kaunta alikuwepo mchanganya rangi, mzee ambaye kucha zake kumi zilikuwa na rangi kumi. Alimpa Kimya stuli karibu na mashine ya kutikisia makopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeletwa kunichunga mimi au rangi?"

"Majina ya rangi, mzee. Kama hili, Tabasamu la Bibi Harusi."

Mzee akaisogeza kadi kwenye mwanga. "Ahaa, hii. Sisi tunaiita maziwa yaliyopitiwa na chai."

Siku ya kwanza hakuna mteja aliyetaja jina lolote. Ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu mwanamke mmoja alitamka "Pumzi ya Mto", Kimya akarukia kalamu, kumbe mama wa watu anaisoma tu kadi kwa sauti akimsubiri mumewe. Visanduku vya kuwekea alama kwenye karatasi yake vilibaki vitupu. Kuvijaza alama za uongo kungemchukua robo saa, na nani angejua? Aliishika kalamu kwa muda. Kisha akaiweka chini. Si kwamba alikuwa shujaa, ila kuna jambo lilikuwa limeanza kumsumbua kichwani. Karibu kila aliyeingia alikuwa na kitu mkononi. Mmoja soksi ya mtoto, mwingine mfuniko wa chupa ya chai. Na wengi, wengi mno, kipande cha ukuta.

Alasiri hiyo bwana mmoja mnene aliingia akihema, akaweka kwenye kaunta kipande cha plasta chenye ukubwa wa biskuti.

"Fundi, nataka hii. Si inayofanana nayo. Hii hii."

"Kumetokea nini?"

"Nilikuwa nahamisha kabati. Niliambiwa nisubiri wanaume wawili, nikasema mimi peke yangu ni wawili. Mama watoto anarudi kesho."

"Angerudi leo ungehamia hapa," mzee akasema.

Kimya alicheka, halafu akajishangaa kwa kuuliza, "Umebandua sehemu gani, baba?"

"Sebuleni, binti. Pale pale anapoketi mama mkwe." Kimya alinyamaza, na yule bwana akaendelea mwenyewe. "Nataka rangi ya kujaa kikombe, fundi ananipa kopo la lita nne. Inayobaki nikaoshee miguu?"

Tangu siku hiyo Kimya aliongeza safu kwenye karatasi yake: mteja amekuja na nini. Kila jioni alivitia kwenye bahasha vipande ambavyo wateja waliviacha kaunta, na kuandika tarehe. Aligundua kwamba akiuliza swali moja kwa sauti yake ndogo kisha akatulia, watu hawakuweza kuvumilia ule ukimya. Waliujaza wenyewe, na yale ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na maana.

Siku ikafika. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni iliyolalamika. Mkuu wa masoko aliketi upande mmoja, mhadhiri upande wa pili.

"Wateja mia moja na arobaini," Kimya alianza. "Waliotaja jina la rangi ni wanne."

Aliona uso wa mkuu ukibadilika, na maneno yakagoma tena. Ni kule kule kwa viatu vya mvua. Feni ilizunguka. Mhadhiri aliinamia karatasi kwa huruma.

Mikono ndiyo iliyomwokoa. Ilifungua bahasha na kumwaga vipande mezani.

"Hiki," akasema, "ni cha sebule." Akaeleza habari za bwana na kabati, kisha cha pili, kisha cha tatu. Mkuu alivaa miwani. Katikati ya cha tano, mhadhiri alinyanyua kiti chake akakisogeza karibu.

"Kwa hiyo majina yangu hayana kazi?" mkuu akauliza.

"Sijui, mama. Niliketi duka moja tu. Ninachojua ni kwamba wengi hawatafuti rangi mpya, wanatafuta iliyopo nyumbani kwao. Na kopo letu dogo kabisa ni la lita nne."

Mkuu aligeuzageuza kipande vidoleni. Hakufurahi, hilo lilionekana. Lakini aliinuka, akafungua mlango na kuita watu wa kiwandani waje.

"Sauti bado ndogo," mhadhiri akasema huku akiandika. "Imebidi nisogeze kiti." Akafunga kalamu. "Umefaulu."

Wanaume wawili waliingia, mmoja bado na glovu. "Hili litachukua muda?" akauliza.

"Itategemea mtauliza mangapi, baba," Kimya alisema, akavipanga vipande upya na kuanza mwanzo.