Makochi ya Nyanzala

Chwa. Chwa. Chwa.

Kiganja cha Bibi Theopista kilikuwa kinapita ukutani na udongo mbichi, kikienda na kurudi taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni ili alale. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Kitandani, mjukuu wake Odeta alifumbua jicho moja, akamvuta mwanawe Maiko karibu asije akaamka.

"Bibi, unafanya nini gizani?"

"Nausitiri ukuta. Lala, mwanangu."

"Si dada Evaline alisema tusiandae kitu? Alisema mgeni aone tunavyoishi."

"Evaline ni mtoto aliyelelewa vizuri," Bibi alisema bila kusimamisha mkono. "Alisema vile ili tusijisumbue. Mtu atoke Dodoma mpaka hapa, tumpokee na ukuta uliopasuka?"

Odeta akajifunika tena. Naye angeona aibu.

Evaline alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii. Manispaa ya Mpanda ilikuwa imeomba ruzuku Serikali Kuu, ijenge nyumba za bei nafuu upande wa Kakese, nyumba ambazo mtu wa kipato kidogo angeweza kuzilipia polepole mpaka ziwe zake. Miji mingine nayo ilikuwa imeomba, na fedha zisingetosha wote. Kwa hiyo wakaguzi walikuwa wanapita mji kwa mji, wanaingia kwenye nyumba za wapangaji na kuangalia kwa macho yao ni wapi shida imezidi. Kule Kashaulili, nyuma ya soko, chumba kimojawapo kilichochaguliwa kilikuwa cha Bibi Theopista.

Na Bibi alizihitaji nyumba hizo kuliko alivyopenda kusema. Mwenye chumba, Mzee Gervais, hakuwa mtu mbaya. Aliwaambia mapema kabisa, tena kwa upole, kwamba mvua zijazo zikiisha angebomoa vyumba vya uani ajenge fremu za maduka. Odeta alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha sokoni, na kila chumba kingine alichokiulizia mjini kiliushinda uwezo wa cherehani yake. Wasipopata pa kukaa, Odeta angechukua mtoto aende kwa shangazi yake Sumbawanga, naye Bibi angerudi Usevya kwa kaka yake. Nani angekaa na Maiko wakati mama yake anashona? Bibi hakutaka kabisa kulifikiria jambo hilo, kwa hiyo alifikiria nyumba. Moyoni alishaipanga: mlango utazame mashariki, jiko liwe nyuma, na pabaki mahali pa kupanda mchicha. Alikuwa na hakika nayo. Mgeni akipokelewa vizuri, hanyimi kitu. Ndivyo alivyofundishwa kwao Upimbwe tangu utotoni, na hakuwahi kuona ikikataa.

Kulipokucha, majirani wakaanza kuingia. Getrude alileta mkeka mpya na glasi za harusi ya binti yake, ambazo hata padri hajawahi kunywea. Abednego, seremala, alileta meza, halafu akarudi tena na kipande cha ubao cha kuweka chini ya mguu mmoja isiyumbe. Mwingine hakuwa na cha kuazimisha, akachukua ufagio, akafagia njia yote mpaka barabarani. Bibi aliwatazama wote, akawa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye udongo, mpaka uso ukawa na mistari.

Wa mwisho alikuwa Nyanzala. Huyu alikuwa mama wa Kisukuma ambaye wanawe walichunga ng'ombe Kakese, na yeye na Bibi walikuwa watani. Utani huo walijiwekea wenyewe siku walipogombea foleni ya maji, nao ulikuwa na sheria yake: kila mmoja aweze kumwambia mwenzake lolote, mbele ya yeyote, bila kununiwa. Alikuja akitembea mbele ya mkokoteni uliobeba makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma.

"Wapimbwe bwana! Mmezaliwa juu ya mkeka, leo mnataka kochi!"

"Shusha huko," Bibi akajibu. "Nyie mkipata hela mnanunua ng'ombe, mkipata nyingine mnaongeza ng'ombe. Sijui ilikuwaje wewe ukanunua kochi."

"Niliambiwa halili majani."

Walicheka wote mpaka waliokuwa wamebeba wakaliweka kochi chini kwanza. Kisha wakayaingiza, wakavuta pazia mbele ya kitanda, na juu ya ufa mkubwa wa ukuta wakatundika kitenge na kalenda ya parokia. Chumba kikapendeza kweli. Odeta alisimama mlangoni akasema, "Hata mimi ningepanga hapa."

Saa nne, Evaline akafika na mgeni. Jina lake Jeniffer, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kishkwambi mkononi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Bibi akampenda palepale.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Kaa hapo, hapo ndipo pazuri."

Jeniffer akakaa kwenye kochi. Evaline alitazama kochi, akatazama glasi, akatazama ukuta unaong'aa, na Bibi aliona uso wa binti yule ukishuka. Hakuelewa kwa nini.

"Nyumba yako nzuri, Bibi. Safi. Mnaishi wangapi?"

"Watatu tu."

"Mvua hazisumbui?"

"Mvua ni baraka, mwanangu."

"Kwa hiyo hapa mnaishi vizuri?"

Bibi angemjibu nini mgeni ambaye hata maji hajanywa? "Tunamshukuru Mungu," akasema.

Jeniffer akaandika kwenye kishkwambi, kisha akamgeukia Evaline, akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. "Kila tulipopita tangu asubuhi ni hivi hivi. Watu wametulia, nyumba zina vyombo. Ile shida mliyoiandika kwenye maombi, dada yangu, siioni. Na mimi nitaandika ninachokiona."

Evaline akautazama tena ukuta unaong'aa. Angesemaje kwamba mwenye nyumba anadanganya, tena bibi wa watu, ndani ya nyumba yake?

Hapo ndipo Bibi Theopista alipoelewa. Majirani hawakuwa wamemwazima vyombo tu. Wote kwa pamoja, kwa upendo wao, walikuwa wamezifukia zile nyumba za Kakese chini ya mkeka mpya.

Mlangoni akatokea Nyanzala. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mgeni, inuka! Umekalia kochi langu."

Jeniffer akacheka. "Ni nani huyu?"

"Mtani wangu," Bibi alisema.

"Naam, mtani," Nyanzala akasema. "Na kochi ni langu, na glasi hizo ni za Getrude. Meza ni ya Abednego, mwangalie alivyojificha pale nje. Mpimbwe huyu hana hata kigoda! Na ukuta kaupaka leo alfajiri, ukiugusa utaondoka nao!"

Jeniffer alicheka mpaka akaweka kishkwambi pembeni. "Jamani nyie! Hata sisi kwetu Kondoa tuna watani, wakija msibani wanasema marehemu kafa na madeni yetu. Mama, umenifurahisha."

"Sikufurahishi! Nasema kweli!"

"Ndivyo watani wanavyosema siku zote," Jeniffer alisema akijifuta machozi.

Nyanzala akashika kiuno. Miaka yote alikuwa na ruhusa ya kusema lolote, na leo ruhusa hiyohiyo ilikuwa imemfunga mdomo, maana kadiri alivyosema kweli ndivyo mgeni alivyocheka. Akamtazama Bibi Theopista. Macho yake hayakuwa na utani hata kidogo.

Bibi alitazama pazia. Nyuma yake Maiko alikuwa ameamka, anaongea na vidole vyake. Mficha uchi hazai, Bibi aliwaza, na mimi uzee huu bado naficha.

Akasimama.

"Mwanangu, huyu ni mtani wangu kweli, lakini leo hatanii. Nipe mkono."

Alimshika Jeniffer mkono kama anayemvusha mtoto barabara, akakibandika kiganja chake ukutani. Udongo ukabonyea. Jeniffer alipouondoa mkono, ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, na kicheko kikamwisha.

Bibi akatungua kalenda, kisha kitenge. Mwanga ukaingia kupitia ufa, mwembamba juu na mpana chini, na kupitia hapo waliona miguu ya mtu aliyebeba ndoo akipita uani. Akavuta pazia. Kitanda kilikuwa kimoja, kimeinuliwa juu ya matofali, na juu yake bati lilikuwa na matundu kama chujio.

"Mvua ikija, tunasimama kona ile. Odeta anashika mtoto, mimi nashika godoro. Ndivyo tulivyo. Na mvua zijazo zikiisha, panabomolewa, mwenyewe ana haki yake. Mimi nitaenda huku, hawa wataenda kule." Akamgeukia Jeniffer. "Ile niliyokuonyesha kwanza ilikuwa heshima yako, mwanangu. Hii ndiyo nyumba yangu. Na nyumba zile za Kakese tunazihitaji, wala sioni aibu tena kukwambia."

Getrude, aliyekuwa dirishani, alipaza sauti: "Na kwangu pia! Mimi nimeficha mikeka ya kulalia kwa jirani!"

"Hata mimi," akasema mtu wa ufagio.

Jeniffer alikataa kitambaa cha kufutia mkono. Aliingia nyuma ya pazia, akasimama kwenye ile kona ya mvua, akainua macho. Alikaa pale kitambo. Alipotoka, alifuta alichokuwa ameandika, akaanza upya kwa mkono wa kushoto, ule msafi.

"Evaline," alisema, "tukimaliza hapa tunarudi kote tulikopita asubuhi. Safari hii nitaanza kwa kugusa kuta."

"Ndiyo, dada," Evaline akasema, na uso wake ukapanda tena.

"Basi mimi nachukua kochi langu," Nyanzala alisema, na akalichukua kweli. Jeniffer alikaa chini kwenye mkeka, akala wali wa Bibi kwa mkono uliotoka kunawishwa, akaongezewa, hakukataa.

Mvua zilikuja. Siku ya kwanza tu ya mvua kubwa, Mzee Gervais alipanda juu ya bati mwenyewe na turubai lake, akalifunga kwa kamba na mawe, akashuka bila kudai hata asante. Bibi aliendelea kupanga mahali pa mchicha. Odeta alipomuuliza kama hana wasiwasi, alisema mtu aliyesimama kwenye ile kona hawezi kuisahau.

Na ikawa hivyo. Mvua zilipokuwa zinakaribia kukatika, Evaline alikuja kibarazani kwa Odeta akikimbia na viatu vya ofisini. Fedha zimepita. Mpanda imepata. Ujenzi ungeanza ardhi ikikauka, na watakaoanza kupewa ni wale wanaobomolewa vyumba. Mzee Gervais aliposikia, alisema fremu hazina haraka, zitamsubiri Bibi apate ufunguo.

Bibi Theopista aliomba apigiwe simu Dodoma. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ni Theopista wa Mpanda."

"Bibi! Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa. Nakushukuru."

"Mimi niliandika nilichokiona tu."

"Ulikubali kuona mara ya pili. Wengi hawakubali." Bibi akatabasamu peke yake. "Sasa sikiliza. Siku ile uliondoka jua lingali juu, na mimi sikukuzuia, maana sikuwa na pa kukulaza. Iliniuma. Nyumba ikisimama, uje tena, mwanangu. Na uje na nguo za kulalia."