Nyimbo Kumi za Kubaki Nazo

Kaka yangu alikuwa na sikio moja. La kushoto lilikufa akiwa na miaka saba, alipougua matubwitubwi, na tangu hapo ukitaka kumsengenya ulikaa kushoto kwake. Watu walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa kazi yake. Alipokea santuri na kanda za zamani za watu, akazipiga kwenye mashine zake, akazihamishia kwenye kompyuta, akaziondolea mikwaruzo na kelele, kisha akawarudishia wenyewe nyimbo zao kwenye flashi isiyozidi ukucha. Kwa sikio hilo moja alisikia mkwaruzo ambao mimi mwenye mawili sikuusikia hata nikioneshwa. Mimi ni mshonaji. Chumba changu cha cherehani kilipakana na chake, ukuta wa mbao katikati, kwa hiyo miaka kumi na minane nimeshona magauni ya harusi za watu huku nikisindikizwa na vilio vya Wamarekani weusi.

Sikuvipenda. Niliviita kelele za kaka, na mara nyingi niligonga ule ukuta kwa mkasi.

Kisha akaanza kuyumba akitembea, akawa anageuza kichwa kama kuku anapotafuta sauti ilikotoka. Daktari wa masikio alimpiga picha, akamwita, akamwambia aje na mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani nilikuwa mimi, kwani mke wake aliondoka zamani, akisema hawezi kuolewa na santuri elfu tatu. Daktari alieleza polepole. Kulikuwa na uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, upande wa kulia, upande wenyewe uliobaki. Ukiachwa utaelekea kwenye ubongo. Ukikatwa, mshipa utakwenda nao. Upasuaji ulipangwa Jumatatu ya wiki ya pili, yaani zilibaki siku kumi na mbili.

Kaka aliuliza swali moja tu: yale aliyokwisha kuyasikia, yatabaki? Daktari akasema kumbukumbu haikai sikioni, hiyo haiguswi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," kaka aliniambia tulipotoka nje, akacheka. Mimi nilimfyonya. Kuna mizaha mtu humwachia adui yake.

Kesho yake asubuhi aliniita chumbani kwake, akanipa daftari na kalamu. Alikuwa amepiga hesabu yake usiku kucha. Santuri zote hawezi kwenda nazo, kichwa si ghala. Lakini wimbo ukiusikiliza mara nyingi, kwa nia, bila kufanya jambo jingine, hufika mahali ukaanza kujipiga wenyewe. Alitaka nyimbo kumi za namna hiyo. Siku chache za kuchagua, siku zilizobaki za kuzisikiliza mpaka zishike. Mimi niwe karani, niandike na nimzuie asiongeze ya kumi na moja. Alinijua, mimi si mtu wa kubembelezwa.

Nilifunga cherehani kwa kitambaa, nikawaambia wateja nina mgonjwa.

Hapo ndipo nilipojua kaka yangu alikuwa akifanya nini upande wa pili wa ukuta miaka yote hiyo. Alianza na kuondoa, na alikuwa na kanuni. Kila wimbo unaobebwa na besi aliutoa, hata kama aliupenda kufa. Rege zote zilikwenda hivyo, na nusu ya rumba. "Hizo nitazipata kwa mkono," alisema, akaweka kiganja juu ya spika nikaona vidole vyake vikitetemeka. Alitaka vile ambavyo mkono haushiki: sauti ya mtu, tarumbeta, nyuzi nyembamba za gitaa, pumzi.

Siku nne tulisikiliza na kuchinja. Namba mbili ilikuwa kwaya ya watu weusi wa kale wakiimba nyimbo za babu zao watumwa, bila ala yoyote. Aliichagua kwa sababu kabla ya ubeti wa mwisho unawasikia wote wanavuta pumzi pamoja, na aliirudisha pumzi hiyo mara sita mpaka na mimi nikajikuta navuta. Namba tatu ilikuwa jazi, mtu na tarumbeta lake. Nilimwambia huyu anabishana na mlango. Kaka akanieleza: sikiliza mahali anaponyamaza, usisikilize anapopiga. Nikasikiliza alivyosema, nikaacha kucheka. Namba tano ilikuwa rumba ambayo gitaa lake hupanda, hupanda, halafu husita juu kabisa kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Namba sita mama mmoja wa injili, mwenye sauti ya kukwaruza ambayo mteja yeyote angeomba isafishwe. Kaka alisema huko ndiko aliko mwenyewe, kwenye mkwaruzo.

Nami, ambaye nilikuja kuandika tu, nikapata wangu. Ulikuwa wimbo wa wafungwa weusi wakipasua magogo, mmoja anaita, wengine wanaitika, na shoka linashuka mwisho wa kila mstari. Sijui maneno yao, lakini kazi ya kurudia jambo lile lile kutwa nzima mgongo ukiuma naijua. Nilimwomba aurudie. Akaurudia, kisha akaufuta. Shoka, alisema, utalipata kwa mkono. Nilinuna nikaenda kupika. Niliporudi nikakuta kwenye daftari ameuandika namba kumi, kwa mwandiko wake mbaya, na hakuniangalia.

Namba moja aliiacha wazi. Nilipomuuliza akasema hiyo inajulikana, ni ya mama, ataisikiliza Jumapili, ya mwisho kabisa, ili isifunikwe na nyingine.

Niliujua wimbo huo. Nani wa nyumbani kwetu asingeujua? Ulikuwa bluzi, wimbo wa majonzi, wa mwanamke mmoja ambaye mama hakupata kujua jina lake, alimwita yule dada anayelia. Mama aliurekodi kutoka redioni, kinasa sauti kikiwa juu ya kabati la jikoni, kisha akashinda akiupiga na kuurekodi tena kila uliporudi hewani, naye anasugua sufuria. Hakujua neno moja la lugha ile. Hakuifuata hata sauti ya yule dada, aliimba chini yake, njia yake mwenyewe, kwa maneno yaliyokuwa karibu naye: nimeweka chumvi, sijaweka chumvi. Sisi tulikufa kwa kicheko. Akatufukuza kwa mwiko, na vyote hivyo vikaingia kwenye kanda, sufuria, kicheko, mwiko na mama.

Alipofariki, mimi ndiye niliyembebea kaka mfuko wa kanda za mama.

Jumapili alasiri alioga, akavaa shati safi kama anayekwenda kuposa. Nikamcheka kidogo. Tisa zilikuwa zimeshashika, alisema, hata akiwa bafuni zinajipiga. Akanikalisha kwenye kigoda, akafungua kwenye kompyuta faili lililoandikwa Nyimbo za Mama, akautafuta, akaubonyeza.

Gitaa likaingia. Yule dada akaanza kulia kwake. Sauti ilikuwa safi mno, ungesema amesimama pale kati ya santuri. Nikawa nasubiri. Ubeti wa kwanza ukapita. Kaka aliinamisha kichwa, akasogeza sikio lake karibu na spika. Ubeti wa pili ukapita. Wimbo ukaisha, tukasikia maji yakichuruzika kwa jirani.

Akaupiga tena. Nilimwona rangi inamtoka.

Nilikumbuka kabla hajasema. Mwaka ule wa msiba, badala ya kulia kama watu, alijifungia na zile kanda wiki nzima. Zilikuwa zimeota ukungu, sauti inakwenda na kurudi. Akafanya ambalo fundi wa kazi yake angelifanya, na angelifanya kwa mapenzi: kila wimbo alioukuta kwenye kanda za mama aliutafutia santuri yake, akaurekodi upya, bila ukungu, bila sufuria, bila mtu anayepiga kelele juu yake. Kanda akazitupa. Siku ya kumaliza mwaka alinipa flashi ndogo na kuniambia, nyimbo zote za mama, hakuna kelele hata moja. Nilimshukuru, nikaitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, kati ya vifungo. Sikuisikiliza hata siku moja. Ningeisikiliza siku ile ile, huenda takataka zilikuwa bado hazijachukuliwa. Majuto ni mjukuu, na huyu amekuja kukaa kwangu.

"Nilimwondoa," kaka alisema.

"Ulikuwa unasafisha. Ndiyo kazi yako."

"Miaka yote hii nikiupiga namsikia. Nakuapia, mdogo wangu, nilikuwa namsikia humu humu ndani. Kumbe nilikuwa namtia mwenyewe."

Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akilia, hata makaburini. Nilimshika mabega, yale mabega ya mifupa mitupu. Nilikuwa na hasira pia, siwezi kuficha, hasira na yeye, na mimi, na ufundi wote wa dunia unaojua kelele ni ipi.

Kisha akaniomba nimwimbie alivyokuwa akiimba mama. Alisema nina koo lake, shangazi zetu wote husema hivyo. Alisogeza kiti, akanielekezea sikio la kulia, akafumba macho. Nikajaribu. Nilianza juu mno, nikashuka, nikaparaganya. Nikaanza na nimeweka chumvi, akanikatiza: mama alianza na sijaweka. Nikasema si kweli. Akasema ni kweli, sijaweka ilikuja kwanza, ndiyo maana tulikuwa tunamjibu weka basi. Nikamwambia hilo la weka basi amelitunga sasa hivi. Tukabishana, watu wazima wawili wenye mvi, juu ya chumvi ya marehemu, na saa inakwenda, na kila nilipofungua mdomo kuimba nilisikia sauti ya mshonaji tu. Mwishoni akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Acha," alisema. "Utanifutia hata kile kidogo nilicho nacho."

Hakutaka kusikiliza kitu kingine siku ile.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Alipozinduka kichwa kilikuwa kimezungushiwa bandeji, uso umevutika upande mmoja, na nilipomwita jina lake la utotoni, ambalo silitumii mbele za watu, alikuwa akitazama dirisha na hakugeuka. Nilitoka nikakaa koridoni mpaka nilipoweza kurudi.

Tukaanza maisha ya daftari, lile lile la nyimbo. Mimi naandika, yeye anasema. Hakujua tena kupima sauti yake, mara ananong'ona, mara anafoka mpaka muuguzi anakuja mbio. Kila asubuhi alipitia nyimbo zake kama anayekagua mifugo. Alinituma niende chumbani kwake nikasikilize na kurudi na jibu. Namba tano, gitaa linasita mara moja au mara mbili? Mara mbili, niliandika. Anatulia. Namba mbili, pumzi ni kabla ya ubeti wa mwisho? Ndiyo. Anatulia. Mimi niliyekuwa nikigonga ukuta kwa mkasi, sasa ndiye niliyekaa peke yangu mbele ya zile spika, nikisikiliza kwa niaba yake, nikiogopa kukosea.

Siku ya sita tuliifikia namba kumi, nikadhani tumemaliza.

"Sasa ya mama," alisema.

Nilishika kalamu nimzuie, lakini hakuwa akiangalia daftari. Alifumba macho, akaimba. Aliimba kwa sauti ya kujaza wodi, mgonjwa wa kitanda cha pili akaketi, muuguzi akasimama mlangoni na sinia la dawa. Alianza na nimeweka chumvi, ile ile aliyonikatalia Jumapili. Sauti ilipanda mahali isipopaswa, ikapasuka, ikateleza chini, ikaenda njia ambayo haikuwa ya yule dada wala ya wimbo wowote ninaoujua. Mstari mzima, kisha wa pili. Alipofika mwisho alifungua macho, akanitazama usoni, kwa kuwa sasa majibu yote huyasoma usoni.

"Ndivyo?" aliuliza. "Ndivyo alivyokuwa anaimba?"

Sikujua. Hapo nilipokuwa nimekaa, kwenye kiti cha plastiki, niliitafuta sauti ya mama kila mahali ndani yangu nipate kulinganisha, na sikuikuta. Nilimwona mgongo, niliona sufuria, niliuona mwiko. Sauti haikuwapo. Sijui iliondoka lini, na hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

Nikaitikia kwa kichwa, mara mbili, aone vizuri. Kaka akashusha pumzi, akajilaza kwenye mto, midomo yake ikaendelea kimya kimya.

Amerudi nyumbani sasa. Anakaa upande wake wa ukuta, viganja juu ya spika, na mimi nashona. Nikimkumbuka mama jikoni, anasugua, mgongo umeinama, anafungua mdomo kuimba, ninayemsikia ni kaka yangu kule wodini, anaimba kwa nguvu zake zote, na hasikii.