Maji Mekundu ya Pangoni

Watu husema nilikuwa mjinga. Mjinga ni nani? Ukoo mzima uliamini pango lile, na watu wa mbali waliliamini kuliko sisi. Mwenye haki hutoka kwa mlango aliouingilia. Mwenye hatia huliwa na mzimu, na kijito hushuka na damu yake.

Shemeji yangu Okereke alimsingizia mwanangu Anyaegbu kwamba ameiba viazi vikuu ghalani kwake. Kwetu mwizi wa viazi vikuu haoi, na hata kumzika watu hutegeana. Anyaegbu akataka kutoroka.

"Mama, niache niende zangu kwa wajomba. Huyu baba mdogo anataka shamba la marehemu baba, basi. Alichukue, limkwame kooni!"

"Ukikimbia umekiri," nikamjibu. "Twende pangoni ukasafishwe. Au unaogopa?"

"Mzimu siuogopi. Naogopa wale wanaoulinda mlango."

"Acha mdomo wako. Nani atampa binti yake mwizi?"

Nilimshinda kwa hilo la binti, maana alikuwa na mchumba na alimpenda. Tulitembea siku tatu, Okereke na jamaa zake wakiwa mbele. Makuhani walimpokea vizuri, wakamvunjia kokwa ya kola ya kumkaribisha mgeni, wakamwingiza gizani, na sisi wakatuambia tukangoje chini kijitoni. Jua lilikuwa utosini maji yalipogeuka mekundu. Wenzangu wakajitupa chini wakilia. Mimi niliingia majini na kibuyu, nichote angalau damu yake nikaizike nyumbani.

Ilinukia. Kazi yangu tangu usichana ni kusaga ule mti mwekundu wa kuwapaka wanawali, na vidole vyangu havijawahi kutakata. Damu haina harufu ile, wala haiachi chengachenga mkononi.

"Shemeji," nikamwambia Okereke, "hii si damu. Ni unga wa mti. Mtoto yu hai!"

Alinishika mkono akaniminya. "Nyamaza, mwanamke! Unataka tuliwe sote?"

Lakini hakushtuka. Aliambiwa mtoto wa kaka yake yu hai, na hata swali moja hakuuliza.

Wao walirudi kumfanyia matanga. Mimi nilishika njia ya mtoni peke yangu, siku nne, nikiwauliza wauza chumvi kila nilipopita kama wameona watumwa wakipitishwa, maana asiyeuawa ameuzwa. Nikawakuta ukingoni, watu kama sitini, wamefungwa shingo kwa shingo, wanaingizwa kwenye mitumbwi ya kwenda bandari ya Bonny kwenye merikebu za Wazungu.

"Anyaegbu!"

Aligeuka. Nilidhani atalia. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akacheka kidogo.

"Umekuja, mama? Wamekupa nini?"

Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, nilimkimbilia. Wapiga makasia walikwisha kuanza wimbo wao, na mlinzi alikuwa ananisukuma kwa mpini wa mkuki. Nilipiga kelele kwamba sikujua, mwanangu, sikujua. Hakugeuka tena.

Wengine wanasema Wazungu hula watu. Wengine wanasema hawali, huwalimisha mpaka wafe. Miaka yote hii nimeomba awe hai, na nikishaomba naingiwa na hofu. Maana kama yu hai, huenda ana watoto, na wakimuuliza habari za kwao, anawaambia bibi yenu ndiye aliyeniuza.