Bomba Chini ya Zulia la Sebuleni

Desmond alianza kugombana na fundi kabla fundi hajavua koti, na hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka mume wangu.

Fundi mwenyewe ni Yunus, mtoto wa Hafiza wa mtaa wa nyuma, ninayemjua tangu anavaa kaptula za shule. Alikuja kupima kabla ya kutufungia boila mpya, ile ya kupasha maji papo hapo bila tangi. Aliwasha boila yetu kuukuu, akawasha na jiko lote, akachomeka kipimo chake kwenye mita ya gesi, kisha jikoni.

"Mama, bomba la gesi itabidi tubadilishe," alisema. "Boila mpya ikiwaka inavuta gesi nyingi kwa mkupuo. Hata hii ya zamani inapata kwa taabu."

"Usituletee!" Desmond akadakia. "Bomba nene lile, toka mita hadi jikoni. Ninyi vijana mtu akiwaita kwa msumari mnataka kumuuzia nyumba."

"Mzee, mwanzo nene, mwisho nene, sikatai. Lakini gesi inaingia na nguvu, huku inafika imechoka. Katikati, chini ya sebule, kuna mahali limekuwa jembamba."

"Katikati nene vilevile. Nakwambia mimi."

Nikaweka kikombe chini. "Umejuaje wewe? Uliingia huko lini?"

"Ni akili tu, Noreen. Hebu kanywe chai yako."

Akili. Alithubutu kulitamka neno hilo mbele yangu! Mwaka mzima nilikuwa nasikia harufu ya gesi sebuleni, jioni, nikikaa kwenye kiti changu cha dirishani. Mara ya kwanza Desmond aliinama, akanusa, akasema hakuna kitu. Nilipozidi kusema akampigia simu Lindsey, binti yetu. Lindsey akaja na ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, akanikumbusha kwamba bibi yake naye alianza hivihivi, kwa kunusa moshi usiokuwepo. Mama yangu alikufa halijui jina lake. Basi Lindsey akachukua funguo za gari langu, akaniwekea miadi ya Alhamisi hii kwa daktari wa kumbukumbu.

Mtauliza kwa nini sikuwaita watu wa dharura wa gesi. Ukishaambiwa na watu wako wawili kwamba pua yako inadanganywa na kichwa chako, unaona haya. Na mimi niliogopa, nasema kweli. Hata Yunus sikumwambia.

"Kuna njia mbili," Yunus alisema. "Tufunue sakafu ya sebule, au tuzungushe bomba jipya nje ukutani."

"Nje!" Desmond akasema. "Zungusha nje."

Huyu ni mtu aliyekataa dishi la televisheni lisiwekwe ukutani kwa sababu litaharibu sura ya nyumba! Nikamtazama vizuri. Masikio yalikuwa mekundu. Nikawaza ana fedha kazificha. Nikamuwaza na Pauline wa kwaya, anayemchekea kila Jumapili kama yeye ndiye mchungaji.

"Yunus mwanangu, funua sakafu."

"Noreen!"

"Nyumba yangu pia hii."

Desmond akaingia sebuleni mbio, akaketi kwenye kiti changu, mikono kifuani. "Sitoki hapa."

"Mzee, mimi si polisi," Yunus alisema taratibu.

Nikamwambia anyanyuke mwenyewe, la sivyo nitakisukuma kiti na yeye ndani yake. Aliijua sauti hiyo. Akanyanyuka.

Yunus akakunja zulia, akang'oa mbao mbili. Hata tochi alikuwa hajaiwasha. Alirudi nyuma, akakunja uso.

"Mama, hamsikii harufu?"

Nikasogea karibu. "Harufu ya nini?"

"Gesi. Gesi inavuja hapa."

"Sema tena."

"Inavuja, mama. Tena si ya leo."

Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke. Yunus alikimbia kufunga gesi kwenye mita, akafungua madirisha yote. Aliporudi akatuonyesha: kipande cha bomba jembamba, urefu wa mtu aliyelala, kimeungwa na bomba nene kwa viungio vya mabomba ya maji, visivyozuia gesi. Akauliza ni fundi gani huyo wa kufungwa jela.

Desmond alitazama ukuta. Mwaka tuliohamisha jiko nilikuwa Scarborough kwa dada yangu. Niliporudi nilikuta kazi imekwisha, akaniambia ameleta fundi mwenye kibali.

Bomba ningelisamehe. Mtaani kwetu kila mwanamume ana kitu alichokifunga mwenyewe akakijutia.

"Hiyo harufu," nikamuuliza, "ulikuwa unaisikia?"

Akamwangalia Yunus. Yunus akachukua mkoba wake, akatoka nje.

"Mara mojamoja," alisema Desmond.

"Na ungeniacha niende kwa daktari."

"Nilijua watasema u mzima. Ingeisha hivyo hivyo, kimya kimya."

"Na kama wasingesema?"

Nilimchukia wakati ule, mume wangu wa miaka yote hiyo, kuliko nilivyopata kumchukia mtu yeyote. Nikamburuta hadi uani, mbali na gesi yake, nikampa simu yangu. "Mpigie Lindsey. Mwambie kwa mdomo wako, nikisikia."

Akapiga. Nikasikia binti yangu akiitikia.

"Lindsey," alisema, "ni kuhusu mama yako..."

"Hapana," nikamwambia. "Anza na wewe."