Baba Alisema, Nilisikia

Vumbi la karatasi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, halitui. Fundi naye hatui. Alishona kitabu, akafumua, akashona tena. Leo mdogo wake anakuja kuchukua nusu ya karakana, na kibanio cha kujalidia vitabu ni kimoja tu. Kikiondoka, kazi imeondoka.

Baba yao alikata roho kikohozi kikimkata neno. Mkubwa alisikia: shikaneni. Mdogo alisikia: gawaneni. Tangu siku ile kila mmoja anaapa kwa masikio yake.

Mezani palikuwa na mafungu mawili ya kurasa, mali ya mtawa wa Kibuddha, maandiko ya madhehebu yake na ya madhehebu mengine. Asubuhi, mtawa alipoyaleta, Fundi alimuuliza bila kupepesa macho, "Mwalimu wenu mmoja. Vitabu viwili vya nini?"

"Viwili?" Mtawa alicheka. "Ungeviona vyote ungefunga karakana ukakimbia."

Mwalimu, alisema, alikufa bila kuacha mstari ulioandikwa. Wanafunzi wakakaa, wakakariri walichosikia. Vifua ndiyo vilikuwa maktaba. Miaka kama mia ikapita, warithi wao wakagombana, masimulizi yanasema, hata juu ya chumvi: mtawa aweke akiba yake kwenye pembe ya mnyama, asiweke? Wakaachana. Kila njia ikapata lugha yake, kila lugha kitabu chake, na wanachokiheshimu hawa, wale hawakitambui.

"Lakini vingi hufunguka namna moja," alisema. "Msimulizi anakiri kwamba alisikia hivyo. Alisikia, basi."

Alisikia. Mtawa akaenda zake, neno likamwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha. Akashona, akafumua.

"Kaka, nimefuata nusu yangu." Mdogo mtu, mlangoni.

"Nusu ya kibanio? Lete msumeno, tukipasue kama papai."

Mdogo hakucheka. Fundi akafungua kinywa aseme lile la siku zote, baba alisema. Ulimi ukagoma.

"Mimi nilisikia shikaneni," alisema. "Nilisikia. Mwanzo ulimezwa na kikohozi. Wewe je?"

Mdogo alijibu taratibu: "Mimi nilipata mwisho tu, kaka. Aneni."

"Aneni," Fundi alisema.

Aneni. Kipande hicho haambiwi mtu mmoja.

"Shika huku," Fundi alifoka, maana hakujua kusema vingine. Wakaweka mafungu yote mawili kwenye kibanio, wakakaza, huyu huku, huyu kule. Ya kesho hakuyajua, na moyo haukumtulia.

Ila vumbi liliruka, likawatua vichwani wote wawili, likawapa mvi sawasawa, hata mpita njia asingejua yupi mkubwa.