Kidonge Ndani ya Mkate wa Michinki

Nimechoka, jamani. Nasema wazi kwa kuwa sina wa kumficha. Mwaka wa tano huu namtunza baba yangu, Padri Hovakim; kwetu Armenia mapadri huoa na kuzaa. Mji mzima wa Gyumri unaijua sauti yake, lakini ukaidi wake naujua mimi peke yangu.

Daktari alisema damu yake imepungukiwa vitamini B12, ndiyo maana miguu inamfa ganzi na maneno yanampotea katikati ya wimbo. Baada ya Pasaka watu wa mji mkuu, Yerevani, wanakuja kurekodi nyimbo za zamani za kanisa ambazo amebaki nazo yeye tu, na kila wiki ubeti mmoja unamtoka. Kaka yangu Vrezh akatuma kopo la vidonge kutoka Glendale, Marekani, akaona kazi yake imeisha.

Baba akaniambia nimsomee maandishi ya kopo, na mimi mjinga nikasoma yote.

"Ganda la ngozi na mifupa ya ng'ombe? Ndani ya Kwaresima, na cha mnyama hatugusi? Ng'o!"

"Baba, ni dawa."

"Mtakatifu Grigori alikaa shimoni miaka kumi na mitatu. Alimeza vidonge gani?"

"Alikuwa akirushiwa mkate na mjane."

"Basi na wewe nirushie mkate, halafu uninyamazie."

Hapo nikapata wazo. Siku ya Michinki, katikati ya Kwaresima, tunaoka mkate usio na chachu na kuficha sarafu ndani yake. Mkubwa wa nyumba anakata kipande cha nyumba, kisha cha kila mmoja wetu, hata aliye mbali. Atakayeipata ana bahati mwaka mzima, na kilichotoka kwenye mkate huo hakikataliwi. Sheria hiyo ni ya baba mwenyewe. Vrezh aliwahi kuvunjika jino kwa sarafu hiyo, na bado alilazimishwa kushukuru.

Mkate ulipoiva nikautoboa kwa chini, nikachomeka kidonge badala ya sarafu, nikaweka sahani upande wenye kidonge umwelekee baba. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, mgongo unaniwaka moto, lakini nilijiona mjanja kweli.

Baba akaubariki mkate, kisha akauzungusha mara tatu. Lo! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huwa anauzungusha.

"Cha nyumba," akasema, akikata. "Cha Vrezh. Chako, Knarik. Changu. Na hiki cha Haykanush."

Kidonge kikachungulia kwenye kipande hicho cha mwisho. Baba akacheka mpaka ndevu zikatikisika.

"Ona bahati ya mama yako! Mpelekee chumbani, amejilaza. Amechoka kuliko sisi sote. Mwambie asilete ubishi, ni cha Michinki hicho."

Mama tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Baba mwenyewe ndiye aliyemwimbia kaburini. Nikamtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona. Alikuwa ananisubiri niende.

Nilitaka kupiga yowe. Badala yake nikabeba sahani, nikaingia chumbani kwa mama, nikakaa kwenye kitanda chake. Mle ndani hatuwashi jiko, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nikalia kidogo, harakaharaka, maana chai ya baba ilikuwa inapoa. Kisha nikakichomoa kidonge, nikakitia mfukoni, nikarudi.

"Amemeza?"

"Amemeza, baba."

"Hakubisha? Na Kwaresima yote hii?"

"Hakubisha. Amesema na wewe umeze."

Akakuna ndevu muda mrefu, kisha akaninyooshea kiganja.

"Mwanamke huyu simwezi mimi. Haya, lete."

Nikakitoa kile kile mfukoni. Akakimeza kwa maji, akanirudishia glasi, nami nikaenda kuiosha.

Tangu siku ile, kila asubuhi naingia kwanza chumbani kwa mama, nafunga mlango na kusimama kidogo. Ndipo namletea baba chake.